Hotpoti, jiko la kikapu au ndoo: kipi kinafaa kupelekea chakula nyumba yenye mgonjwa?

Nyumba ikipata mgonjwa, jikoni ndiko mambo yanakoanza kuyumba. Mama anauguza, baba anahangaikia dawa, watoto wanarudi kutoka shule na njaa. Ndugu na majirani wanaojitolea kupika wapo, tena wengi, lakini mara nyingi chombo ndicho kinachowaangusha. Wali unafika umepoa, mchuzi umemwagikia kiti cha bajaji, ugali umetoa jasho na kulowana chini. Jioni mwenye nyumba anabaki na hotpoti za watu asizojua azirudishe kwa nani.

Tumevipima vyombo vinne vinavyopatikana Kariakoo na katika masoko mengine makubwa, kwa kazi moja tu: kupeleka mlo wa mchana wa watu 12, watu wazima 7 na watoto 5, kwa gharama ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuibeba wiki baada ya wiki. Bei za nafaka hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo tunatoa kilo na lita, kila mtu apige hesabu ya soko lake.

Kigezo cha kwanza ni joto, na hapa hatulegezi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi mpaka kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Wali ndio unaowadanganya wengi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata mchele ukichemka. Wali ukibaki vuguvugu kwa muda mrefu huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Mtu mwenye nguvu zake ataharisha na kupona. Mgonjwa aliyedhoofika, au anayepata matibabu ya saratani, hana akiba hiyo mwilini.

Kigezo cha pili ni kazi ambayo chombo kinamwachia mwenye nyumba. Cha tatu ni mafuta au mkaa unaotumika.

Hotpoti

Hotpoti nzuri ina bakuli la stili ndani, ganda la plastiki nje, na povu gumu limejazwa katikati. Povu ndilo linalozuia joto kutoka. Za bei ya chini huwa na hewa tupu katikati, na kwa macho hutaona tofauti. Igonge ubavuni kwa kiungo cha kidole: yenye povu hutoa sauti nzito iliyoziba, tupu hulia kama debe. Bonyeza bakuli la ndani kwa dole gumba pale linapokutana na ukingo wa plastiki. Likicheza, maji yataingia siku utakayoiosha. Kisha funga mfuniko na uinyanyue kwa kuushika mfuniko peke yake. Ukichomoka dukani, utachomoka barabarani.

Ujazo unaoandikwa chini ya hotpoti usiuamini. Mara nyingi umepimwa hadi ukingoni, na mfuniko ukishuka ndani unakula nafasi. Nenda na chupa ya maji ya lita 1, umwombe muuzaji upime. Hesabu ya kushika ni hii: kilo 1 ya mchele ikiiva inajaza kama lita 4. Watu wetu 12 wanahitaji kilo 1 na nusu, yaani karibu lita 6. Hotpoti ya lita 5, ambayo ndiyo watu wengi wanayo, haiwatoshi. Ukiushindilia wali ndani, unakuwa bonge la uji kabla hujafika. Nunua ya lita 7, au gawanya kwenye mbili ndogo zilizojaa vizuri. Hotpoti iliyojaa nusu hupoa haraka kuliko iliyojaa, kwa sababu nafasi iliyobaki juu inachota joto la chakula.

Kabla ya kupakia, mimina maji yanayochemka, funga dakika 10, yamwage, futa, pakia papo hapo. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua kama wali utafika wa moto. Bakuli la stili lililokuwa baridi linanyonya joto la chakula cha chini na pembeni ndani ya dakika chache, na povu halina uwezo wa kulirudisha. Ukiipata mpya, ifanyie jaribio: ijaze maji yanayochemka, ifunge, ifungue baada ya saa 3 na upime kwa kipimajoto cha jikoni. Ikiwa chini ya nyuzi 60, itumie kwa chapati na maandazi, siyo kwa chakula cha mgonjwa.

Kinachoiua hotpoti ni beseni. Ukiiloweka nzima, maji yanapenya kwenye kiungo na kukaa ndani ya povu. Baada ya hapo inakuwa nzito, inanuka, na haihifadhi joto tena. Osha bakuli kwa sponji na maji kidogo, ganda la nje lifutwe tu. Raba ya mfuniko itoe na uioshe peke yake, maana harufu ya mchuzi wa jana hukaa hapo, na mgonjwa mwenye kichefuchefu huisikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa wali mkavu, pilau na chapati, hotpoti inafanya kazi yake. Chapati zizungushie kitambaa safi cha pamba ndani, kinywe mvuke. Ukiziweka tupu, za juu zinadondokewa maji na za chini zinakauka. Kwa maharage na mchuzi haitufai: mfuniko wake haukutengenezwa kuzuia majimaji, na kona moja ya barabara inatosha kuuthibitisha upungufu huo.

Jiko la kikapu

Hiki ndicho chombo tunachokipendekeza. Ni kikapu kikubwa cha ukindu au makuti kilichoshonewa ndani godoro nene la kitambaa, na mto wa kufunika juu. Unachemsha chakula jikoni, unaingiza sufuria ikiwa inatokota, unafunika, na joto lililomo ndani ya sufuria ndilo linalomalizia kupika. Vikundi vingi vya akina mama Tanzania na Kenya hushona na kuuza. Fundi cherehani yeyote anaweza kukutengenezea ukimpa kikapu, kitambaa na cha kujazia.

Kuhusu cha kujazia, sufi inashinda. Ni nyepesi, inashika hewa nyingi, na haiharibiki kwa joto la sufuria. Vipande vya sponji ya godoro vinafuata. Pamba ya nguo kuukuu hulala baada ya miezi michache na kuacha sehemu nyembamba. Unene uwe angalau sentimita 8 pande zote, na chini usipungue, kwa kuwa washonaji wengi hujaza ubavuni na kusahau kitako. Ingiza mkono ubonyeze: ukiusikia ukindu kwa vidole, kirudishe.

Kubwa kuliko yote ni sufuria kuenea. Sufuria na godoro vigusane pande zote. Pengo la upana wa kiganja linatosha kugeuza mlo wa saa 4 kuwa chakula vuguvugu chenye hatari. Kwa hiyo nenda kununua kikapu ukiwa na sufuria mkononi, siyo kinyume chake. Sufuria za kawaida za alumini zisizo na mikono zinafaa kuliko zenye mikono mirefu, na mfuniko uwe bapa, wenye kishikio kifupi, ili mto ukae sawasawa.

Usipike kidogo humo. Sufuria ijae robo tatu. Chakula kingi kina joto jingi. Vikombe vitatu vya maharage ndani ya sufuria la lita 8 vitapoa kabla ya kuiva. Kwa familia ndogo hilo ni kasoro, lakini kwa nyumba ya watu 12 ndipo kifaa hiki kinapong'ara.

Namna ya kupika makande ya watu 12

Tunachagua makande kwa sababu ni chakula kamili ndani ya chungu kimoja, hayadai nyama, na ndiyo yanayoonyesha vizuri kikapu kinaweza nini. Mahindi yaliyokobolewa kilo 1, maharage nusu kilo, nazi 2, vitunguu maji 4, nyanya 6, karoti 3, chumvi. Sufuria la lita 8.

Loweka mahindi na maharage saa 2 usiku, katika maji mengi. Saa 12 asubuhi yamwage maji hayo, osha, weka maji mapya lita 3. Ungekuwa unapika juu ya mkaa mwanzo hadi mwisho ungehitaji kama lita 5, lakini ndani ya kikapu maji hayakauki. Ukizidisha utapata supu. Yakishaanza kutokota, yaache yachemke kwa nguvu dakika 40 huku yamefunikwa.

Dakika hizo usizifupishe ili kuokoa mkaa. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemka kwa nguvu angalau dakika 10. Joto la chini halitoshi kuiondoa, na maharage yaliyopashwa tu bila kuchemka yanaweza kumtapisha mtu vibaya kuliko mabichi. Anayeingiza maharage kwenye kikapu baada ya povu la kwanza tu analeta ugonjwa mwingine katika nyumba yenye ugonjwa tayari. Mahindi nayo yanahitaji muda huo ili joto lifike kiini cha punje.

Saa 1 na nusu asubuhi hivi, toa sufuria motoni na uiingize kikapuni bila kuifungua. Chini yake weka kitambaa kilichokunjwa, maana masizi yanachafua godoro. Funika kwa mto, bonyeza pembeni, usifungue kwa saa 4. Kila ukifunua kuchungulia unatoa mvuke ambao hautarudi, na huo ndio uliokuwa unapika.

Saa 5 na nusu asubuhi toa, rudisha motoni. Ponda punje ya hindi kwa vidole viwili: ikipasuka laini hadi ndani, sawa. Ikiwa na kiini kigumu cheupe, chemsha dakika 20 zaidi kabla ya kuongeza chochote. Hapo sasa weka vitunguu, karoti na nyanya. Nyanya zisiingie mapema, kwani uchachu wake huyachelewesha maharage kulainika. Kama maharage ni ya zamani, yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka, yanaweza kukataa kuiva hata kwa njia hii. Nunua yenye ganda linalong'aa, na usichanganye mazao ya misimu miwili.

Kabla ya chumvi, chota vikombe 2 au 3 vya mgonjwa uweke pembeni. Wenye shinikizo la damu na wenye matatizo ya figo mara nyingi wameagizwa wapunguze chumvi, na ukishaitia huwezi kuitoa. Mwenye figo anaweza kuwa amekatazwa hata maharage na nyanya, kwa hiyo muulize anayemuuguza kabla hujaenda sokoni.

Tui jepesi liingie kwanza, zito mwishoni, chemsha dakika 10 ukikoroga, kisha rudisha kikapuni mara moja. Saa 7 mchana yanapakuliwa yakiwa yanatoa mvuke. Tui ndilo linalochachua chakula mapema kuliko kiungo kingine chochote humo. Ukijua kwamba familia itabakiza hadi usiku, acha nazi, tumia karanga zilizosagwa, robo kilo, ambazo pia zinaongeza nguvu kwa watoto.

Kwa njia hii mkaa unawaka chini ya saa 2 kwa jumla. Makande ya kawaida yanataka saa 3 au zaidi, na mtu wa kusimama hapo akiongeza maji.

Vyakula vingine kikapuni

Wali: kilo 1 na nusu ya mchele kwa lita 2 na robo za maji, siyo zaidi. Chemsha dakika 5 umefunika, ingiza kikapuni kwa muda wa saa 1. Mtu akitumia maji aliyoyazoea jikoni, wali utatoka boko.

Supu ya kuku wa kienyeji au ya mifupa ya ng'ombe: chemsha dakika 30, kikapuni saa 3 hadi 4, chemsha tena dakika 10 kabla ya kuondoka. Engua mafuta ya juu kwa upawa ukimpelekea mwenye kichefuchefu.

Mtori nao unakaa vizuri, na kwa mgonjwa asiyeweza kutafuna hatujaona mlo wa kuuzidi. Nyama nusu kilo ipikwe mpaka inyonyoke, ndizi mbichi 15 ziingie, zipondwe kwa mwiko, uwe mwepesi wa kumiminika. Unapokaa unazidi kuwa mzito, hivyo uache mwepesi kuliko unavyoupenda wakati unaupika.

Ugali usiupeleke kwa chombo chochote. Ndani ya hotpoti unatoa jasho, ndani ya kikapu unakauka gamba. Peleka mboga ya moto na kilo 2 za unga, nyumbani wataukoroga kwa dakika 20. Kachumbari pia iache: mboga mbichi iliyokatwa saa nyingi kabla haimfai mtu ambaye kinga yake imeshuka. Peleka nyanya na machungwa mazima.

Chupa ya uji

Chupa ya chai yenye pampu haifai kwa uji, unaganda kwenye mrija na hakuna brashi inayofika kuusafisha. Tafuta yenye mdomo mpana, ya lita 2, ambayo mkono unaingia hadi chini. Kwa lita 2 za uji mwepesi wa mgonjwa, gramu 150 za unga wa ulezi au mahindi zinatosha. Uchemke dakika 15 kamili baada ya kutokota, la sivyo unabaki na ladha ya unga mbichi. Maziwa na sukari vitiwe wakati wa kunywa. Uji uliotiwa maziwa ukikaa chupani nusu siku unakatika.

Ndoo

Ndoo ya plastiki yenye mfuniko ni rahisi kubeba na ni ya bei ndogo, na kwa chakula cha moto tunaikataa. Nyingi zinazouzwa mitaani zilikuwa za rangi au kemikali. Kuoshwa hakuzibadilishi kuwa za chakula. Hata zilizokusudiwa kwa maji hazikutengenezwa kwa makande yanayotokota, na hazihifadhi joto. Ndoo safi ya maji ibebe unga, mchele, matunda, na sabuni ya kufulia mashuka, ambayo nyumba yenye mgonjwa huimaliza upesi kuliko chumvi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini wapo wanaoendelea kufungia maharage ya moto katika nailoni nyembamba ya ndani. Waiache tabia hiyo. Nailoni inapasuka, na plastiki ya namna hiyo haikukusudiwa joto.

Kuhusu vyombo kurudi

Hapa jiko la kikapu lina faida ambayo wauzaji hawaitaji. Unaweza kupika ndani ya sufuria la wenyewe. Mtume mtoto achukue sufuria lao kubwa jioni, pika humo, lirudishe na chakula. Hakuna chombo cha kufuatiliwa, hakuna anayeaibika kwamba hotpoti ya wifi imepotea. Kikapu kiwe cha ukubwa wa sufuria hilo, na kama ugonjwa ni wa muda mrefu, kiache hapo hapo kwao. Watajifunza kukitumia wenyewe: maharage yanachemka alfajiri kabla ya kwenda hospitali na yanawakuta tayari mchana. Usiku wakiingiza sufuria la maji yaliyochemka, asubuhi wanapata maji ya moto ya kumuogeshea mgonjwa bila kuwasha jiko.

Ukilazimika kutumia hotpoti yako, andika jina chini kwa kalamu ya wino usiofutika, na uwaambie siku utakayopita kuichukua. Usingoje irudishwe.

Usafiri na utunzaji

Kwa bodaboda, sufuria lifungwe mfuniko kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani, kwanza msalaba, halafu mzunguko, na juu yake khanga iliyofungwa fundo. Bila mpira, mvuke unaunyanyua mfuniko kwenye tuta la kwanza. Bajaji ni salama zaidi: kikapu kikae sakafuni, siyo kwenye kiti. Mkifika, kabla ya kupakua, choma kipimajoto katikati ya chakula. Kikisoma chini ya 60 na haijapita saa 2, chemsha upya hadi kitokote. Ikiwa hamjui kimeshuka tangu lini, kimwageni.

Godoro la kikapu lianikwe juani kila baada ya matumizi, hata kama linaonekana kavu. Mvuke hupenya kitambaa, na sufi iliyolowana huota ukungu kwa ndani, ambako huoni. Dalili ya kwanza ni harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Mwambie fundi aweke zipu kwenye kitambaa cha ndani ili kitolewe na kufuliwa. Vikapu vingi vya sokoni vimeshonwa moja kwa moja bila zipu, na hiyo ndiyo kasoro kubwa tuliyoiona kwenye kifaa hiki. Kuibadilisha kunataka mita 2 za zipu na saa 1 ya cherehani, na tunashauri ifanyike kabla ya sufuria la kwanza kuingia.